Mzee si Maktaba



Katika mikutano ya vyama vya utamaduni hapa Bukavu, kuna msemo mmoja ambao haukosi. Katibu akisimama, atausema. Mgeni wa heshima akipewa neno, atausema tena kana kwamba wa kwanza hakuusema. Ni ule wa kufananisha kifo cha mzee na maktaba inayoshika moto. Wote tunapiga makofi. Kisha tunakwenda kunywa kitu, na wale wazee walioalikwa wanatafutiwa pikipiki ya kuwarudisha nyumbani kabla ya giza.

Sisi wenyewe tumeusema mara nyingi, na tumeuandika pia. Leo tunaomba ruhusa ya kuukosoa. Hatutaki kumdharau aliyeutoa, maana alikuwa mtu mkubwa kuliko sisi. Tunachokosoa ni namna tunavyoutumia. Tunaona kwamba, katika vinywa vyetu, msemo huu umegeuka kuwa njia ya kuwasifu wazee bila kukaa nao.

Msemo ulitoka wapi

Msemo huu unatokana na Amadou Hampâté Bâ wa Mali. Mwaka 1960, mbele ya mkutano wa UNESCO mjini Paris, aliwaomba watu wa dunia waokoe masimulizi ya wazee wa Afrika kabla wenyewe hawajaondoka. Wakati ule ombi lake lilikuwa la lazima. Nchi zetu zilikuwa zinapata uhuru, Kongo ikiwamo, na wakubwa wa dunia walihesabu kuwa elimu ni ile tu iliyoandikwa. Kuwaambia watu wa vitabu kwamba mzee asiyejua kusoma naye amebeba elimu nzima, ilikuwa kuongea nao kwa lugha wanayoielewa.

Lakini tuangalie pia namna yeye mwenyewe alivyoishi. Mwalimu wake alikuwa Tierno Bokar wa Bandiagara. Mwaka 1933, Hampâté Bâ akiwa mtumishi katika ofisi za wakoloni, alichukua likizo ya miezi akaenda kukaa karibu na huyo mwalimu. Hakwenda kuazima kitabu. Alikwenda kukaa, kusikiliza, kuuliza na kuulizwa. Kitabu juu ya Tierno Bokar kilikuja baadaye, wakati mzee mwenyewe amekwisha kufariki. Sisi tumechukua msemo, ule mkao tumeuacha.

Na sasa tuulize: maktaba ni kitu gani? Ni nyumba ambayo unaingia siku unapohitaji jambo. Unachukua, unanakili, unatoka. Vitabu havitakuuliza kwa nini jana hukuja. Ukishanakili ukurasa wako, huna deni tena. Basi mtu akizoea kumwona mzee kama maktaba, atamtembelea vilevile: siku akiwa na shida, au siku akiandika kazi ya kumaliza masomo. Ule mfano unatuonyesha tunachoweza kupata kwa mzee. Hautuonyeshi mzee anahitaji nini kwetu.

Kisa chetu wenyewe

Hatuandiki haya kwa kunyoosha kidole kwa wengine. Tuko na kisa chetu, na kinatuletea aibu.

Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda kwa mzee mmoja wa Kadutu, mwenye asili ya Mwenga. Tulikuwa watu wanne, na telefone mbili za kurekodi. Tulitaka hadithi za zamani na majina ya mababu wa ukoo wake. Tulikwenda Jumamosi tatu. Kila mara tulimkuta amevaa koti, amekwisha kumwambia mjukuu afagie baraza na kupanga viti. Kabla ya kuanza, alitaka kwanza tumpe habari za mjini: soko linaendaje, nani ameoa, barabara ya kwao imetengenezwa ao bado. Sisi tulikuwa tunaangalia saa. Mmoja wetu akasema, “Muzee, turudiye kwenye ile habari yetu.” Naye, kwa heshima, akarudi.

Jumamosi ya tatu tukamaliza. Tulipokuwa tunamuaga, akatuuliza: “Sasa mutarudi siku gani?” Tukajibu: “Tutarudi, Muzee, hakuna shida.” Hatukurudi. Tuliporudi ilikuwa miezi kumi na moja baadaye, kwa kilio. Tulikuja wengi, tumechanga pesa, tumeleta na hotuba, na katika hotuba tukausema ule msemo wa maktaba. Baada ya maziko yule mjukuu akatuambia, bila hasira, kwamba kwa muda mrefu babu yake alikuwa anavaa lile koti kila Jumamosi, anakaa barazani.

Masimulizi yake tunayo mpaka leo, yote, katika telefone zile mbili. Kwa kipimo cha ule msemo, hakuna kitu kilichoungua pale. Ndipo tukaanza kuutilia shaka.

Kamba ya Barega

Tuseme kwamba mfano wa maktaba hautoshi. Je, desturi zetu za huku Kivu ziko na mfano mwingine? Uko, na hauko mbali.

Wenye asili ya Mwenga na Shabunda wanajua mutanga. Ni kamba ambayo Barega walitundika mahali pa kukutania, na juu yake walifunga vitu vidogo vidogo vya nyumbani na vya porini. Kila kitu ni ishara ya methali. Padri Georges Defour aliandika juu yake kitabu kizima, La corde de la sagesse lega, kilichotolewa hapa hapa Bukavu. Wengi wetu tumekiona katika rafu za mapadri na za walimu.

Mutanga nayo inahifadhi, kama maktaba. Tofauti ni hii: haifunguki kama watu hawakukaa chini yake. Mtu anagusa kitu fulani, na methali yake inaelekezwa kwenye neno lililo mbele yao: ugomvi, ndoa, kijana asiyesikia. Mzee anahitaji kijana wa kumwambia, kijana anahitaji mzee wa kumfungulia. Uikate ile kamba, uitie ndani ya kioo, hautabaki na hekima. Utabaki na maganda na vijiti vilivyofungwa.

Kamba ile ilikaa katika jamii iliyokuwa na bwami. Bwami ilikuwa chama cha ngazi nyingi, na juu kabisa kwa wanaume ni kindi. Wanawake nao walikuwa na ngazi zao, za juu zikiwa za kanyamwa, mke aliyepanda pamoja na mume wake. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyefanya utafiti kwa Barega katika miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake Lega Culture mwaka 1973, alionyesha kwamba mafundisho ya bwami yalipita katika methali, michezo ya ngoma na vitu vya kushikwa mkononi. Kulikuwa na sanamu iliyoitwa Sakimatwematwe, yaani mwenye vichwa vingi, kwa sababu mwenye hekima anaangalia pande zote. Na mtu alipozidi kupanda na kuzeeka, kazi zake mbele ya watu hazikupungua. Aliitwa kufundisha, kushauri, kucheza, kutunza vile vitu na kuvirithisha kwa utaratibu.

Wakoloni wa Kibelgiji waliona hatari katika chama hicho, wakakipiga marufuku mwaka 1948. Vinyago na sanamu za pembe zikaendelea kusafiri: Tervuren, kwa wakusanyaji wa Ulaya, mpaka Los Angeles, ambako maonyesho makubwa ya sanaa ya Barega yalifunguliwa mwaka 2001. Vitu vikapata kiti kizuri na mwanga wa taa. Wazee waliovitumia walikuwa wamekatazwa kukutana. Tunawalaumu wageni kwa hilo, na tuko na haki. Lakini sisi na telefone zetu mbili, tulifanya nini tofauti?

Tusieleweke vibaya. Hatuombi bwami irudi kama zamani. Kupanda ngazi kulihitaji mali nyingi na ndugu wengi wa kukusaidia, na si kila mzee aliyefika juu. Kuna maskini na wageni waliobaki chini maisha yote. Tunaazima jambo moja tu: kwao, kuzeeka hakukuwa ruhusa ya kuondolewa kati ya watu.

“Niko nachunga nyumba”

Ukimsalimia mzee wa Bukavu, ukamuuliza anafanya nini siku hizi, jibu la mara nyingi ni hili: “Niko nachunga nyumba.” Tumelizoea kiasi kwamba hatulisikii tena. Watoto wako kazini ao sokoni, wajukuu wako shuleni, na mtu aliyelea watoto wanane amebaki mlinzi wa mlango.

Mji wenyewe unasaidia kumfungia. Bukavu ni mji wa vilima. Kutoka Cimpunda kushuka mpaka barabara kubwa ni ngazi na vijia vya udongo. Kijana anapita anaimba, lakini mwenye maumivu ya magoti anahesabu kila hatua, na mvua za Septemba zikianza, anaacha kuhesabu, anabaki ndani. Hata baraza linakwisha. Bagira, ambayo ilijengwa katika miaka ya 1950 na lile shirika la nyumba la wakoloni, OCA, ilikuwa na mpango na nafasi kati ya nyumba. Leo, karibu mjini mzima, parsele moja imekatwa mara tatu, mara nne. Mahali palipokuwa pa kuweka kiti na kusalimia wapita njia, pamejengwa chumba cha kupangisha.

Halafu kuna vita. Wazee wengi hawakuja Bukavu kwa kupenda. Walikimbia Walungu, Kalehe, Shabunda, Mwenga, wakafikia kwa mtoto aliyepanga vyumba viwili. Kijijini alikuwa na jina, na shamba la migomba, na wenzake wa kunywa nao kasiksi jioni. Hapa jirani anamjua kama “koko wa ile nyumba ya bluu”. Tangu mji uingie mikononi mwa AFC/M23, Februari 2025, kutembeleana jioni nako kulikatika katika mitaa mingi, juu ya woga. Ongeza na lugha: mzee anafikiri kwa Mashi ao kwa Kilega, mjukuu anajibu kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kifaransa. Wanapendana, lakini mazungumzo yanaishia kwenye “umekula?” na “umelala vizuri?”

Kuna watakaosema haya ni mambo ya Wazungu, sisi Waafrika hatuna upweke. Mwaka 2025, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa ripoti juu ya jambo hili kwa dunia nzima, siyo kwa Ulaya peke yake. Linasema mtu 1 kati ya 6 anaumia kwa upweke, na kwamba upweke unahusiana na vifo karibu 871,000 kila mwaka. Kwa wazee, mpaka 1 kati ya 3 anaweza kuwa ametengwa na watu. Na tukumbuke kwamba mtu anaweza kuwa mpweke katika nyumba ya watu kumi na wawili, kama hakuna hata mmoja anayemuuliza neno na kungoja jibu.

Hapa lazima tuseme pia juu ya mama zetu. Mtu atatuambia: mbona soko la Kadutu na lile la Nyawera yamejaa wamama wazee, wako wanaongea na kucheka na watu kutwa? Ni kweli. Lakini wengi wao wako pale juu ya njaa ya nyumbani. Mama wa miaka sabini anayebeba gunia la makaa mgongoni hajapewa nafasi katika jamii. Amekosa wa kumpumzisha. Tusichanganye mzee kuwa na watu na mzee kukosa pumziko.

Muda tunao

Tunasikia jibu la wengi: maisha ni magumu, nani ana muda wa kukaa na wazee? Hili jibu tunaliheshimu, lakini halisimami. Angalia kilio. Mzee akifa, muda unapatikana. Watu wanalala nje siku kadhaa, viti vya kukodi vinafika, hema linasimama, wa Kinshasa na wa Ubelgiji wanatuma pesa, vitambaa vya sare vinanunuliwa. Hakuna mtu wa Bukavu aliye maskini kiasi cha kukosa kabisa kilio cha mzee wake. Basi muda uko, viti viko, hata pesa inajikusanya. Tunavipeleka vyote upande mmoja wa kaburi.

Hatusemi kilio kipunguzwe heshima. Tunasema sehemu ndogo ya nguvu ile ianze mapema. Tena hatuhitaji kuanzisha kitu kipya chenye mhuri na rais wa heshima. Vyombo tunavyo.

Wakatoliki wako na shirika, mkutano wa majirani wa kila juma. Desturi imekuwa kukutana kwa wenye nafasi kubwa, na mzee asiyeweza kupanda ngazi anaandikwa kati ya wagonjwa, anapelekewa sala. Kwa nini mkutano mzima usihamie kwake, hata kama nusu ya watu watasimama nje? Wa makanisa mengine nao wako na vikundi vyao vya sala vya mitaa.

Likirimba na MUSO ziko karibu kila mtaa. Mzee asiye na pesa ya kuweka hana nafasi kule. Lakini kila kikundi kina ugomvi: aliyekopa hakurudisha, aliyeandika aliandika vibaya. Kikundi kikimchagua mzee mmoja na mama mzee mmoja wa kusikiliza mambo hayo, kitakuwa kimepata mwamuzi, na mzee atakuwa amepata kazi. Neno tunalotaka kulisisitiza ni kazi. Kutembelewa kwa huruma kunachosha hata anayetembelewa. Anayeitwa kwa sababu anahitajika anavaa koti.

Telefone nazo hatuzikatai, ijapo tumezitumia vibaya. Familia nyingi ziko na kundi la WhatsApp lenye watu wa Goma, Kinshasa, Bruxelles. Mara nyingi mzee ndiye pekee asiyemo, juu ya macho yake ao juu ya kutosoma. Mjukuu akimshikia telefone, koko akatoa sauti yake kwa Mashi, akauliza mambo na kujibiwa kwa sauti, ataingia katika mazungumzo ya ukoo kila siku, bila kungoja Mwaka Mpya. Sharti ni kwamba naye ajibiwe. Kumrekodi peke yake tumekwisha kuona kunafika wapi.

Na sisi wa vyama vya utamaduni tuanze na adabu ndogo. Anayekwenda kukusanya masimulizi asiende chini ya mara nne, na mara ya kwanza asitoe chombo cha kurekodi. Akubali kuulizwa habari za mjini, ajibu kwa urefu. Na kazi ikimalizika, aseme ukweli juu ya siku ya kurudi, halafu arudi.

Penye

Wakubwa wetu walituachia methali ambayo tunaisema karibu sawasawa na ule msemo wa maktaba: penye wazee haliharibiki neno. Siku zote tumeielewa kama sifa ya akili za wazee. Lakini tuisome tena polepole. Neno la kwanza ni “penye”. Panatakiwa kwanza kuwa na mahali, na wazee wawe wamekaa pale, na watu wengine wamekuja na neno lao. Mzee aliyefungiwa ndani anachunga nyumba anabaki na hekima yake yote, lakini ile “penye” haipo tena, na mambo yetu yanaendelea kuharibika nje ya mlango wake.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, kwa upande wetu tumeazimia kuuweka kando ule msemo wa maktaba kwa muda, mpaka tutakapostahili kuusema. Yule mzee wa Kadutu hatuwezi tena kumrudia. Lakini mama mzee aliyekuwa jirani yake bado yuko, mlango wa tatu ukishuka ngazi. Hatuna la kumrekodi. Jumamosi hii tunakwenda kwake kumpa habari za mjini.